Bustani ya mboga ya nyumbani

Bustani ya mboga ya nyumbani (huitwa pia bustani ya jikoni, kwa sababu mazao yake huenda moja kwa moja chunguni) ni eneo dogo karibu na nyumba ambapo familia hulima mboga, viungo na pengine matunda kwa ajili ya chakula chake yenyewe. Inaweza kuwa tuta moja nyuma ya jiko, gunia lililojazwa udongo, au ua mzima wenye mapapai, matembele na vitunguu.

Bustani ya namna hii hutofautiana na shamba. Shamba hulimwa kwa msimu, huvunwa mara moja na mara nyingi liko mbali na nyumba. Bustani hutembelewa kila siku, huvunwa kidogo kidogo, na hutegemea vitu ambavyo nyumba ina navyo tayari: samadi, majivu, mabaki ya jikoni na maji yaliyokwisha kutumika. Kwa sababu hiyo inawezekana hata kwa familia isiyo na fedha za pembejeo.

Makala hii inaeleza bustani za nyumbani kwa jumla, ikichukua mfano wa Endasak, kata ya Wilaya ya Hanang katika Mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Huko, kama katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki zenye kiangazi kirefu, mboga ni nyingi wakati wa mvua na huadimika miezi ya ukame. Bustani ndogo inayomwagiliwa ndiyo njia mojawapo ya kuziba pengo hilo.

Historia

Kabla ya bustani za matuta, watu wa Afrika Mashariki walipata mboga nyingi kwa kuchuma. Mchicha pori, mnavu, mgagani na mlenda huota vyenyewe baada ya mvua, hasa kwenye udongo wenye rutuba karibu na nyumba na mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe. Wanawake walizijua mboga hizi kwa majina, majira na ladha zake. Nyingine waliziacha makusudi wakati wa kupalilia, na nyingine walihifadhi mbegu zake. Hapo kuchuma na kulima vilikutana.

Baadhi ya jamii zilijenga mifumo kamili ya kilimo kuzunguka nyumba. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro Wachagga wana kihamba, ambamo migomba, kahawa, miti, magimbi na mboga hukua pamoja huku mifugo ikifugwa zizini. Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kama urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kimataifa. Wahaya wa Kagera wana kibanja, ambacho nacho hustawi kwa samadi na taka za nyumbani. Katika nyanda za juu za Mbulu, Wairaqw wanajulikana kwa kilimo makini cha miteremko: kutumia samadi, kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko na kulima mabonde yenye unyevu.

Mboga nyingi zinazoonekana leo kuwa za kawaida zilitoka mbali. Nyanya na maboga asili yake ni Amerika. Kabichi na karoti zilienezwa wakati wa ukoloni kupitia misheni, walowezi na shule. Baada ya muda mboga za kigeni zilipata heshima kuliko zile za asili, na mgagani au mnavu ukaonwa na wengi kuwa chakula cha watu maskini.

Baada ya uhuru bustani ilipata nafasi katika siasa ya nchi. Mwaka 1967 Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji. Wanafunzi wengi wa Tanzania walijifunza kutengeneza tuta na kumwagilia miche katika shamba la shule, ingawa wengine walilikumbuka zaidi kama adhabu kuliko somo.

Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho leo huitwa World Vegetable Center, kilifungua ofisi ya Afrika karibu na Arusha, eneo la Tengeru. Pamoja na taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao ya bustani iliyopo hapohapo Tengeru, kilisaidia kuleta aina za nyanya kama Tanya na Tengeru 97, ambazo zilienea kwa wakulima wengi nchini. Kituo hicho hukusanya na kuboresha pia mboga za Kiafrika, kama vile mchicha, mnavu, mgagani na nyanya chungu. Mboga hizo sasa zimerudi sokoni, hata mijini.

Mahali pengine duniani bustani za nyumbani zilichochewa na shida. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali za Uingereza na Marekani ziliwahimiza raia kulima mboga uani na hata katika bustani za maua ili kupunguza upungufu wa chakula. Katika makazi ya Kibera jijini Nairobi, bustani za magunia zilienea hasa baada ya ghasia za uchaguzi za 2007–2008, wakati bei ya chakula ilipopanda na ardhi ya kulima haikuwepo.

Mazingira ya Endasak

Endasak iko chini ya Mlima Hanang, kati ya miji ya Babati na Katesh. Mlima huo ni volkeno iliyolala yenye kimo cha takriban mita 3,420 na ni mmojawapo wa milima mirefu zaidi ya Tanzania. Udongo wenye asili ya volkeno kando ya mlima una rutuba, na msitu wa mlimani ni chanzo cha maji kwa vijiji vya chini.

Eneo la Hanang ni mahali ambapo jamii tofauti hukutana. Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, ni wakulima na wafugaji. Wadatooga, hasa Wabarabaig, wana lugha ya Kiniloti na kwa desturi ni wafugaji. Wapo pia Wanyaturu na wengine wanaosema lugha za Kibantu. Kila jamii imekuwa na mboga zake na namna yake ya kuzipika. Kwa wafugaji, maziwa yalichukua nafasi kubwa ambayo kwingine ilichukuliwa na mboga. Malisho yalipopungua, hasa baada ya ardhi kubwa ya uwanda wa Basotu kugeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980, familia nyingi za wafugaji zililazimika kutegemea zaidi mahindi na mazao mengine. Mlo wa ugali usio na maziwa ya kutosha unahitaji mboga.

Mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi, na miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na baridi, hasa usiku. Baridi hiyo si hasara tupu: kabichi, karoti, sukuma wiki na vitunguu hupenda hali ya ubaridi, na magonjwa ya ukungu hupungua hewa ikiwa kavu. Kwa hiyo kiangazi kingekuwa msimu mzuri kuliko yote wa mboga, kama maji yangetosha.

Mimea inayolimwa

Bustani nzuri ya nyumbani huchanganya mimea ya muda mfupi, ya muda mrefu na ya kudumu, ili kila wiki pawe na kitu cha kuchuma.

• Mchicha: huwa tayari wiki 3 hadi 6 baada ya kusia. Unaweza kung'olewa mzima au kuchumwa majani mara kadhaa.
• Chainizi: huwa tayari kwa wiki 6 hadi 8. Hupenda ubaridi na maji mengi.
• Sukuma wiki: huanza kuchumwa wiki 6 hadi 8 baada ya kupandikizwa, kisha huendelea kutoa majani kwa miezi mingi. Huchumwa majani ya chini, na kikonyo cha juu huachwa kiendelee kukua.
• Mnavu na mgagani: mboga za asili zenye uchungu kidogo. Mara nyingi huchemshwa na kuungwa kwa maziwa, mtindi au karanga.
• Kunde na maboga: majani yake huliwa kama mboga, na baadaye huvunwa kunde na maboga yenyewe.
• Matembele (majani ya viazi vitamu): hupandwa kwa vipande vya shina, hustahimili ukame na hufunika udongo.
• Nyanya, nyanya chungu, bilinganya na pilipili hoho: huhitaji kitalu kwanza, kisha hupandikizwa. Nyanya huhitaji mambo za kuegemea.
• Karoti na vitunguu: karoti husiwa palepale zitakapokulia kwa sababu hazipendi kuhamishwa. Huchukua miezi 3 hadi 4.
• Viungo: giligilani, vitunguu saumu, mchaichai, pilipili.
• Matunda: papai, pasheni inayopanda uzio, na parachichi pale penye nafasi.

Kuandaa bustani

Mahali

Bustani huwekwa mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi kwa siku, karibu na mlango wa jikoni na karibu na maji. Ukaribu huu ni muhimu kuliko ukubwa. Tuta lililo hatua kumi kutoka jikoni huonwa kila asubuhi: mdudu hugunduliwa mapema, mche uliolala humwagiliwa siku hiyohiyo. Tuta lililo mbali husahaulika.

Kwenye mteremko matuta hutengenezwa kwa kukata mteremko, kamwe si kwa kuufuata, ili maji ya mvua yatulie badala ya kubeba udongo. Nyasi kama matete hupandwa kingoni kushika udongo. Maporomoko ya tope yaliyotokea Katesh na vijiji vya jirani tarehe 3 Desemba 2023, ambayo yaliua watu zaidi ya 80, yalianzia juu mlimani na hayakusababishwa na bustani. Hata hivyo yaliwakumbusha wakazi wa Hanang kwamba njia za asili za maji zisizibwe kwa kulima wala kwa kujenga.

Tuta

Tuta la kawaida lina upana wa mita 1 hadi 1.2, ili mtu afikie katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Urefu hutegemea nafasi. Kati ya matuta huachwa njia ya sentimita 40 hadi 50. Udongo hulimwa kina cha jembe au zaidi, kisha samadi iliyooza huchanganywa, kiasi cha ndoo moja hadi mbili kwa kila mita ya mraba.

Wakati wa mvua tuta huinuliwa ili maji yasituame. Wakati wa kiangazi hufanywa kinyume: kitalu huzamishwa chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10 hadi 15 na kuzungushiwa kingo, ili kila tone libaki kwenye mizizi. Wakulima wapya hukosea mara nyingi hapa kwa kutumia tuta lilelile la kuinuka mwaka mzima.

Samadi na mboji

Samadi mbichi haifai. Huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu na inaweza kubeba vijidudu vya magonjwa. Hurundikwa mahali penye kivuli kwa miezi 3 hivi mpaka ipoe na kugeuka kuwa nyeusi isiyo na harufu kali.

Mboji hutengenezwa kwa tabaka: mabua yaliyokatwakatwa chini, kisha majani mabichi, samadi, majivu kidogo na udongo, na kurudia tena hadi lundo lifikie mita moja hivi. Kila tabaka hunyunyiziwa maji. Fimbo ndefu huchomekwa katikati. Ikichomolewa baada ya siku chache ikiwa ya moto, kazi inaendelea vizuri. Ikiwa baridi na kavu, lundo linahitaji maji. Ikiwa na harufu mbaya, lina maji mengi na linahitaji kugeuzwa. Lundo hugeuzwa kila baada ya wiki 2 au 3, na huwa tayari kwa miezi 2 hadi 4.

Aina nyingine za bustani

Bustani ya gunia hufaa pasipo na nafasi. Gunia la kilo 100 hujazwa mchanganyiko wa udongo na samadi, huku katikati pakiwekwa nguzo ya kokoto. Ili kupata nguzo hiyo, kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati, hujazwa kokoto, udongo hujazwa pembeni yake, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena. Maji yakimwagwa juu hupita kwenye kokoto na kusambaa hadi chini. Miche hupandwa juu na kwenye matundu ya pembeni. Gunia moja huweza kubeba miche 20 hadi 40 ya mboga za majani.

Bustani ya mviringo yenye kapu ilienea kutoka Lesotho. Ni tuta la duara lenye kipenyo cha mita 2 hivi, lililozungushiwa mawe, na katikati lina kapu la miti ambamo hutupwa mabaki ya jikoni na kumwagwa maji. Upande mmoja huachwa njia nyembamba ya kufikia kapu, hivyo likitazamwa kutoka juu hufanana na tundu la ufunguo. Wazee na watu wenye maumivu ya mgongo huipenda kwa sababu hawahitaji kuinama sana.

Vyombo vya kale, kama ndoo zilizopasuka, matairi na makopo, hufaa kwa viungo na mchicha, mradi vitobolewe chini ili maji yasisimame. Vyombo vilivyowahi kubeba dawa za sumu au mafuta ya mashine visitumike.

Maji

Maji ndiyo huamua kama bustani itaishi kiangazi. Kwa makadirio ya kawaida, mboga za majani huhitaji lita 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku wakati wa ukame. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 lina mita za mraba 4, hivyo huhitaji lita 20 hivi, yaani ndoo moja kubwa kwa siku. Familia inayochota maji mbali ifanye hesabu hii kabla ya kulima. Matuta matano ni ndoo tano, na kwa kawaida kichwa kitakachozibeba ni cha mama au cha mtoto.

Njia za kupunguza mahitaji hayo ni hizi:

• Matandazo: nyasi kavu au mabua yenye unene wa sentimita 5 hadi 10 hufunika udongo, huzuia jua kukausha na magugu kuota.
• Kumwagilia asubuhi na mapema au jioni, na kuelekeza maji kwenye shina badala ya majani.
• Chupa za plastiki zilizotobolewa tundu dogo na kufukiwa karibu na mzizi, ili zidondoshe maji taratibu.
• Kukinga maji ya mvua kutoka bati la nyumba. Kila milimita moja ya mvua juu ya paa lenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 linaweza kutoa lita zinazokaribia 800.
• Kutumia tena maji ya kuoshea mboga, nafaka na vyombo. Maji yenye sabuni nyingi, dawa ya kung'arishia nguo au mafuta yasimwagwe kwenye mboga. Maji yaliyotumika humwagwa udongoni, si juu ya majani, na hayafai kwa mboga zinazoliwa mbichi.

Kanuni inayofuatwa na wakulima wengi wenye uzoefu ni kupanua bustani wakati wa mvua na kuifinya wakati wa kiangazi. Tuta moja linalomwagiliwa vizuri hutoa mboga kuliko matatu yanayonyauka.

Kupanda na kutunza

Mbegu ndogo kama za mchicha huchanganywa na mchanga au majivu kabla ya kusiwa ili zisirundikane. Kitalu hufunikwa kwa nyasi nyepesi mpaka mbegu ziote, kisha nyasi huondolewa. Miche hupandikizwa jioni au siku ya mawingu, ikiwa na majani 4 hadi 6 ya kweli, na humwagiliwa palepale. Sukuma wiki na nyanya hupewa nafasi ya sentimita 50 hadi 60, chainizi 30, mchicha wa kuchuma majani 15 hadi 20.

Kupanda kidogo kila baada ya wiki 2 ni bora kuliko kupanda kila kitu siku moja. Anayesia tuta zima la mchicha kwa mara moja atakuwa na mchicha wa kugawia mtaa mzima wiki ya tano, na hana kitu wiki ya nane.

Mimea ya jamii moja haipandwi mahali pamoja mfululizo. Nyanya, bilinganya, viazi mviringo na mnavu ni ndugu na hushiriki magonjwa. Vivyo hivyo kabichi, chainizi na sukuma wiki. Mzunguko mzuri huanza na mboga za majani, hufuata kunde au maharage yanayorudisha naitrojeni udongoni, kisha mazao ya mizizi.

Mbegu za mchicha, mnavu, mgagani na nyanya za kienyeji huweza kuhifadhiwa nyumbani kutoka mimea yenye afya, zikakaushwa kivulini na kutunzwa katika chupa yenye majivu. Mbegu chotara hazifai kuhifadhiwa, maana kizazi cha pili hakifanani na mama yake.

Uzio ni lazima. Wakati wa kiangazi bustani huwa kitu pekee cha kijani uani, na mbuzi mmoja akiingia hufuta kazi ya miezi miwili kwa dakika chache. Kuku nao hufukua miche. Miiba, mabua na minyaa hutumika. Utomvu wa minyaa ni hatari kwa macho, hivyo watoto waonywe.

Wadudu na magonjwa

Vidukari hukusanyika chini ya majani ya sukuma wiki na kunde. Sota hukata miche shinani usiku. Viwavi hutoboa kabichi. Utitiri hushambulia nyanya wakati wa joto na ukame. Kantangaze, kiwavi wa nondo mwenye asili ya Amerika Kusini, aligunduliwa Tanzania mwaka 2014 na amekuwa adui mkubwa wa nyanya. Wakati wa mvua nyanya na viazi hupatwa na bakajani.

Katika bustani ndogo mikono na macho hutosha mara nyingi. Majani yenye vidukari hukatwa au kuoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo ya mche. Sota hutafutwa kwa kufukua udongo karibu na mche uliokatwa. Majivu hunyunyizwa kuzunguka shina. Maji ya mwarobaini au pilipili hutumika kufukuza wadudu. Mmea wenye mnyauko hung'olewa na kutupwa mbali, wala hauwekwi kwenye mboji.

Dawa za dukani zikitumika, muda ulioandikwa kwenye kibandiko kati ya kupuliza na kuvuna lazima ufuatwe. Hatari ni kubwa zaidi katika bustani ya jikoni kuliko shambani, kwa kuwa mboga iliyopulizwa leo huweza kuchumwa na mtoto kesho.

Lishe

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Familia nyingi za vijijini hazifikii kiwango hicho wakati wa kiangazi. Mahindi hushibisha lakini yana upungufu wa vitamini A na ya madini ya chuma yanayofyonzwa vizuri.

Nchini Tanzania utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–2016 ulionyesha kwamba takriban asilimia 34 ya watoto chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Katika utafiti wa 2022 kiwango kilishuka hadi asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi, kama vile magonjwa ya kuhara, ulishaji duni wa watoto wachanga na umaskini. Mlo wa aina moja ni sababu mojawapo.

Mboga za majani ya kijani kibichi na mboga za rangi ya njano, kama karoti na maboga, hutoa vitamini A. Mwili huifyonza vizuri zaidi mboga zikipikwa na mafuta kidogo, karanga au maziwa. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga hufyonzwa vizuri pamoja na vitamini C, kwa hiyo limau au nyanya katika mboga si kwa ladha tu. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzaji huo. Mboga huoshwa kabla ya kukatwa na hupikwa kwa muda mfupi, kwani kuchemsha sana na kumwaga maji hupoteza vitamini.

Mboga za ziada huweza kukaushwa. Wagogo na Wanyaturu, kwa mfano, wana desturi ya kukausha majani na kuyahifadhi kwa ajili ya kiangazi. Kukausha kivulini huhifadhi vitamini A vizuri kuliko kukausha juani.

Kazi, kipato na ardhi

Katika familia nyingi bustani ni kazi ya mama. Hili lina pande mbili. Kwa upande mmoja, mafungu ya mchicha yanayouzwa kwa majirani au gulioni huleta fedha ndogo za mara kwa mara, ambazo mama huzitumia kwa chumvi, sabuni na madaftari bila kusubiri mavuno ya mahindi au kuuzwa kwa mbuzi. Kwa upande mwingine, bustani huongeza kazi kwa mtu ambaye tayari huchota maji, hukata kuni, hupika na kulima shamba. Bustani zinazodumu miaka mingi mara nyingi ni zile ambazo baba hujenga uzio na kubeba samadi, vijana huchota maji, na watoto hupewa tuta lao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hata hivyo desturi bado zina nguvu, na mwanamke asiye na uhakika wa kubaki na kiwanja husita kupanda parachichi litakalozaa baada ya miaka.

Furaha ya bustani

Faida za bustani haziishii katika lishe na fedha. Watu wanaolima hutaja kwanza mambo mengine: kuamka na kukuta mbegu zimechomoza usiku, kumkaribisha mgeni asiyetarajiwa na kumpikia mboga iliyochumwa muda huohuo, kumpa jirani miche na kupokea mbegu kutoka kwake. Tuta la mboga ni mahali ambapo bibi humfundisha mjukuu kutofautisha mnavu wa kuliwa na magugu yanayofanana nao, maarifa yanayopotea kirahisi pale mboga zote zinaponunuliwa.

Kwa watoto bustani ni darasa. Mtoto aliyesia karoti mwenyewe hula karoti, na hujifunza kusubiri. Kwa wazee ni kazi nyepesi inayowapa sababu ya kutoka nje kila asubuhi. Mtu aliyehamia mjini na kupanda mchicha kwenye ndoo kibarazani hubaki na kipande kidogo cha nyumbani kwao.

Changamoto na mipaka

Bustani ya nyumbani haiwezi kutatua kila tatizo. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba bustani huongeza kiasi na aina za mboga zinazoliwa, lakini ushahidi kwamba peke yake hupunguza udumavu ni mdogo. Matokeo huwa bora pale bustani inapoambatana na elimu ya lishe, maji safi, vyoo na huduma za afya, na pengine ufugaji wa kuku au mbuzi wa maziwa.

Miradi mingi ya bustani hufa baada ya wafadhili kuondoka, kwa sababu ilitegemea mbegu za kupewa au mabomba yasiyoweza kutengenezwa kijijini. Bustani zinazoendelea kwa kawaida zilianza ndogo, kwa mbegu zinazopatikana palepale na mboga ambazo familia ilikuwa tayari inazipenda. Kwa anayeanza katika eneo kama Endasak, tuta moja la mita 4, lundo moja la mboji, uzio imara na ndoo moja ya maji kwa siku ni mwanzo unaotosha.

Tazama pia

• Endasak
• Wilaya ya Hanang
• Mlima Hanang
• Wairaqw
• Mchicha
• Mnavu
• Sukuma wiki
• Mboji
• Utapiamlo